Kilomita Kumi za Mama

Mume wangu aliumia siku mbili kabla ya mashindano, na wala hakuumia kwenye baiskeli. Alikuwa amebeba sinia ya chai, akakosa kidato cha mwisho cha baraza yetu hapa Kilifi, na kifundo cha mguu kikafura hata kiatu kikakataa kuingia. Mtu aliyezoea kuteremka vilima bila kugusa breki aliangushwa na vikombe vinne na birika. Nilimhurumia, lakini niseme kweli, hasira ilitangulia huruma.

Mashindano hayo tuliyaanzisha wenyewe, marafiki na jamaa, watu wa kazi zao wasio na jina lolote katika michezo. Mtu huanza kwa kuogelea kuvuka hori la Kilifi, pale bahari inapoingia ndani ya nchi kavu, kisha huendesha baiskeli kilomita kumi katika njia za mchanga za mashamba ya mkonge, kisha hukimbia kilomita tano hadi ufuoni. Wenye nguvu zao hufanya yote peke yao. Sisi wengine hugawana, watu watatu kwa kundi moja, na anayemaliza sehemu yake humfunga mwenzake kitambaa chekundu mkononi ndipo naye aondoke. Kwetu kaka yangu mkubwa ndiye muogeleaji, mume wangu ndiye wa baiskeli, na mimi ndiye mkimbiaji. Mimi pia ndiye mpangaji wa mambo yote. Njia nilichora mimi, saa niliweka mimi, na kaka yangu husema nikifa nitawapanga malaika foleni.

Sasa baiskeli haikuwa na mtu. Nilimjaribu binamu, akasema ana harusi. Nilimjaribu jirani, akacheka tu. Siku moja kabla ya mashindano tulikutana alasiri kwetu kugawana nambari, na mama yangu alikuwa amefika kutoka Jilore na kuku wawili na gunia la mahindi mabichi, kwa ajili ya karamu ya baadaye. Alikuwa ameketi mlangoni akimenya mahindi. Nilimtazama ile mikono, na jibu likanijia lenyewe. Nikasimama mbele ya watu wote nikawaambia kwamba baiskeli yetu itaendeshwa na mama, kwamba mama alikuwa na baiskeli kabla wengi wao hawajazaliwa, kwamba miaka nenda miaka rudi alichota nayo maji mto Sabaki, na hakuna mwanamume mle uani anayeijua njia ya mchanga kumshinda. Watu walipiga makofi. Mama alinitazama, akayatazama mahindi yake, akasema, "Haya."

Mume wangu, mguu wake juu ya ndoo, alijitahidi kumfundisha gia. Mama alisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mkwewe siku zote. Kisha akaiinua baiskeli kwa mkono mmoja, akaiweka chini, akaiinua tena. Akauliza karia iko wapi. Mume wangu akamweleza kwamba baiskeli za mashindano hazina karia, na mama aliona ajabu sana, baiskeli isiyo na mahali pa kuweka kitu. Tulipomwambia afanye mazoezi kidogo pale njiani, alijibu kwamba baiskeli anaijua, hana haja. Nikafurahi. Nilimchukulia kama mtu mwenye uhakika na nafsi yake.

Asubuhi yake mimi sikuwa horini. Nilikuwa mwisho wa njia ya baiskeli, juu ya kimlima katikati ya mkonge, mahali pa kupokezana. Kutoka pale unauona mkonge umesimama safu kwa safu mpaka macho yachoke, na katikati yake njia nyeupe inayopanda kuja kwako. Kipande kile cha mwisho, kama kilomita moja hivi, ni mchanga mtupu. Nilikiweka pale kwa makusudi. Nilitaka watu waone cha mtema kuni kabla ya kupumzika, na niliwaambia hivyo huku nikicheka. Sheria nyingine niliyoiweka mimi ni kwamba saa tatu na nusu kamba itafungwa njiani. Ambaye baiskeli yake haijafika, kundi lake limetoka, naye huokotwa na pikapu inayofuata nyuma.

Wa kwanza walifika mapema, wakitweta. Nao waliposhika ule mchanga walishuka, wote, hata yule kijana ambaye baiskeli yake ina magurudumu manene kama ya trekta. Walishika usukani kwa mikono miwili na kusukuma, gurudumu la mbele likawageukia ubavuni, wakasimama, wakavuta pumzi, wakaanza upya. Nilikuwa na maneno kwa kila mmoja. Nilimuuliza mmoja kama anataka nimletee kiti.

Saa mbili na nusu ikapita na mama hajaonekana. Kicheko kilinipungua. Ndipo rafiki yangu mmoja, mwalimu aliyekuwa akizunguka njia nzima kwa pikipiki kuwaangalia watu, akaja akazima injini, akaniita kando.

"Mamako hajapanda ile baiskeli tangu aondoke horini," alisema.

Nilimuuliza kama ni pancha. Akasema magurudumu ni mazima. Akasema kaka yangu alipotoka majini alimfunga kitambaa, naye mama akaondoka akiikokota baiskeli ubavuni, na wote wakadhani anatafuta mahali pasipo watu apande. Hakupanda. Alikuwa akienda hivyo hivyo kwa miguu, nyuma ya wote. Nilimwambia mwalimu arudi, amwambie mama aingie kwenye pikapu, basi, imetosha. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nimeshamwambia," alisema. "Akaniuliza kama njia imefungwa. Nikamwambia bado. Akaniambia basi nisimzibie."

Niliketi chini pale pale kwenye mchanga. Nilijaribu kukumbuka. Nilikuwa nikimuona mama na baiskeli yake kila siku ya utoto wangu, tangu nilipokuwa na umri wa kumfuata nyuma na kimtungi changu kichwani. Niliiona ile baiskeli nyeusi na mitungi miwili huku, miwili kule, na mmoja juu, na mama ubavuni mwake. Wanawake wengine walipumzika njiani. Yeye hakusimama. Hata salamu aliitoa akiwa anakwenda, aliulizwa habari za nyumbani akiwa amefika, akazijibu akiwa amepita, na maneno ya mwisho aliyasema kwa bega. Watu walisema ana maringo. Nilitafuta kichwani siku moja, moja tu, ambayo nilimuona amekaa kwenye kiti cha baiskeli na miguu yake juu ya pedali, na sikuipata. Mama yangu hakujua kuendesha baiskeli. Miaka arobaini na mbili nimekuwa mwanawe, sikujua, na nilikuwa nimemtangazia sifa hiyo mbele ya watu.

Basi nikaona aibu, na si ndogo. Nilimuona kichwani mwangu akiletwa nyuma ya pikapu, na leso zake na helmeti juu ya kilemba, baiskeli imelazwa miguuni pake, na wale waliompigia makofi wamejipanga wanatazama. Hilo ndilo lililoniuma. Kushindwa tulishazoea, kila mwaka tunashindwa. Sikutaka mama ateremshwe garini mbele ya watu kwa ajili ya mdomo wangu.

Saa tatu na dakika kumi, chini kule mchanga unapoanza, bado kulikuwa na waendeshaji sita waliokwama, wale ambao mchanga ulikuwa ukiwashusha tangu mwanzo wa njia. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na kamba, saa mkononi. Ndipo nikaona kitu cha rangi ya machungwa nyuma yao, na nikaijua leso.

Nimeona mambo mazuri katika michezo hii yetu. Nimemuona kaka yangu akitoka majini kabla jua halijapanda, maji yanamtiririka, mtu mzima wa miaka hamsini anacheka peke yake. Lakini sijawahi kuona kitu kama mwendo ule. Mama alikuwa ameiegemeza baiskeli kiunoni, mkono wa kushoto umeshika usukani kwa vidole tu, wa kulia umeshika nyuma ya kiti, na mwili wake wote umeinama kidogo kuielekea. Alikwenda kwa hatua fupi fupi, za haraka, zisizobadilika. Hakupita katikati ya njia walikopita wenzake. Alipita ukingoni kabisa, penye mizizi ya nyasi, mahali ambapo sikuwahi kupaona ingawa njia niliichora mimi. Gurudumu halikumgeukia hata mara moja. Wale sita walikuwa wanapigana na mchanga, yeye anatembea.

Alimpita wa kwanza. Nikaona amegeuza kichwa kumsalimu, na salamu ikaendelea mpaka alipokuwa mbele yake, na ya mwisho akaitoa kwa bega. Alimpita wa pili, na wa tatu. Yule wa nne, mwanamume mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, anayejiona sana na baiskeli yake, alisimama kabisa akaushika usukani kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi, akamtazama anavyopanda. Pale juu watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Mwalimu aliishusha saa yake. Nikasikia sauti ya miguu ya mama kabla hajafika, ile sauti kavu ya mchanga. Huyu mtu alikuwa amefanya hivi kila siku, nilifikiri, kwa uzito mara nne ya huu, jua kali, na hakuna aliyesimama mlimani kumtazama. Hata mimi niliyekuwa nyuma yake nilitazama visigino vyake tu na kulalamika kwamba anakwenda mbio.

Alifika kabla ya kamba, dakika sita zimebaki. Wote sita walikuwa nyuma yake. Jasho lilimtoka lakini pumzi yake ilikuwa yake. Watu hawakupiga makofi kama jana. Mmoja tu alisema shikamoo, kwa sauti ya chini, kisha wengine wakafuatia, na mama akaitikia marahaba kwa kila mmoja.

Nilimshika mkono. Nilitaka kuomba radhi, likatoka swali. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, jana, kwamba hajui kuendesha.

"Ulikwisha sema mbele za watu," alijibu. "Ningekutia aibu?"

"Miaka yote ile, mama. Hukutaka kujifunza?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama ninayeuliza jambo ambalo mtoto mdogo analijua. "Ningejifunza lini, mwanangu? Kwenda mtoni nalikupakia wewe na mitungi. Kurudi ilikuwa na maji, na wewe mgongoni. Ulipoanza kutembea, kukawa na nduguyo. Baiskeli yangu haikuwa tupu hata siku moja."

Mwalimu akanikumbusha kwamba muda unakwenda. Mama akakifungua kitambaa mkononi mwake, akanifunga mwenyewe, mafundo mawili, akayavuta kuhakikisha. Kisha akaipapasa baiskeli ya mkwewe juu ya kiti.

"Leo ndiyo ya kwanza," alisema. "Nimeikokota tupu njia nzima. Nimeona raha, mwanangu, siwezi kukwambia."

Nikaondoka mbio. Zile kilomita tano nilizikimbia nikilia, mdomo wazi, mbele ya kila aliyekuwa njiani, na wote wale sita wa nyuma wakaiwahi kamba, wakatuma wakimbiaji wao, nao wakanipita.