Chupa ya Unga wa Jiwe

Tulikuwa watu watatu jikoni kwangu Kanyangi: mimi, wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, na mjukuu wangu, binti wa kifungua mimba wangu, anayepima mawe maabarani. Majina yote ninayo, hata la punda wetu, lakini siyaandiki.

Kisima chetu kilikuwa kimefungwa mnyororo. Maji yalipatikana na urani, madini yenye sumu. Mjukuu alichukua kipande cha mwamba na tope la chini. Akanieleza polepole: kuna urani nzito na nyepesi, na kila udongo una mchanganyiko wake. Ukipima hiyo nyepesi kwa nzito, unajua sumu imetoka wapi. Ikiwa ni tope la mafuriko, tutalizoa tufunguliwe. Ikiwa ni mwamba wenyewe, basi tena.

Njiani kuja alikuwa amepitia Tawa kwa mwalimu wake kuazima chupa ya unga wa jiwe ambao mchanganyiko wake unajulikana. Mashine hupima huo kwanza, ndio iaminike. Chupa ilikuwa nusu.

"Susu," aliniambia mimi bibi yake, "usiiguse. Ni ya watu, nitairudisha."

Neno kurudisha ndilo lililoniponza. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kiondo alichokuja nacho mjukuu nilishakijaza ndengu. Alipoenda kuoga, nikasaga jiwe la hapo nje, laini kabisa, nikajaza chupa mpaka shingoni.

"Meno yameisha, lakini kusaga bado," wifi akanicheka.

Mjukuu aliinua chupa. "Nani ameongeza?"

"Mimi. Ungerudishaje nusu, kama mtu asiye na kwao?"

Aliketi chini sakafuni, na kanga yake mbichi. "Siku yangu ya mashine ni kesho kutwa. Bila huu unga, hata nikipima hakuna wa kuamini."

"Si utoe wangu, wa mwalimu ubaki?"

"Umeshachanganyika, Susu. Na hiyo ndiyo chupa ya mwisho aliyokuwa nayo."

Mpaka leo anangoja chupa nyingine na siku nyingine. Mnyororo uko pale pale. Tunachimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka. Mbuzi wawili wamekufa, na mtoto wa jirani anaharisha. Usingizi sipati.

Aliniuliza nimetia vijiko vingapi. Nilisema vitatu. Wifi anasema vinne. Kama kuna aliyechungulia mlangoni akahesabu, anisahihishe. Pengine kujua hicho kijiko kimoja kunaweza kutusaidia, mimi sijui.