Jina Nililolichoma Bila Kulisoma

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza ndiyo kijiji cha Wamagana kwangu. Kiwanda kilikuwa chini ya shamba la Cucu, nyanya yangu mzaa mama, na upepo ukigeuka, uchachu ule uliingia jikoni ukakaa nasi hadi chai ya jioni. Likizo ile ya Agosti nilikuwa na miaka kumi, nimeletwa na mama kutoka Majengo, mjini Nyeri. Baba yangu ni Mwislamu wa mjini, damu yake imetoka pande nyingi. Mama ni binti wa Wamagana. Kwa Cucu sikunyimwa chakula wala blanketi, lakini nilipima kila jicho lililonitazama. Haki ya Mungu, nilikuwa mtoto wa shaka.

Nyuma ya tangi la maji, mimi na binamu yangu Muthoni tulikuwa na nchi yetu, tumeichora kwa makaa kwenye katoni ya mafuta ya kupikia. Katika nchi hiyo wazungu walipotea njia, hawakufika mlimani kamwe. Waliofika ni wafanyabiashara wa pwani, wanaume peke yao, wakaoa mabinti wa Kikuyu, wakabaki. Maharagwe mekundu yalikuwa waume, maharagwe meusi ya njahi wake zao, na punje za mahindi watoto wao. Watoto wakajaza Nyeri, wakafika Nanyuki, wakafungua soko Kagio. Vyakula, mavazi, hata sala, kila kitu chao kilikuwa cha pande mbili. Jina tu ndilo hawakuwa nalo. Nami nililitaka kuliko kitu chochote, kwa sababu punje zile zilikuwa mimi, na hakuna aliyewahi kuniambia mimi ni nani.

Muthoni akasema atamuuliza Cucu. Sikupenda. Yeye ndiye aliyepewa jina la Cucu, kama desturi inavyotaka kwa binti wa kwanza wa mtoto wa kiume, na Cucu alizoea kuwaambia wageni, "Huyu ni mimi." Siku mbili walinong'ona jikoni kwa Kikuyu, nikiingia, kimya. Mara moja niliwasikia wakicheka. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, hawa wanatafuta jina la kunidhihaki.

"Mnasema nini?" nikauliza.

"Wacha haraka," Muthoni akajibu. "Ati unafikiri tunakusengenya? Hiyo jina utaisoma kesho, mama yako akikuja."

Asubuhi nikaona karatasi iliyokunjwa chini ya katoni. Sikuikunjua, niliogopa. Niliitia motoni katikati ya mafiga, kisha nikawamwagia kuku nchi yetu yote. Muthoni alilia mpaka kwikwi. Cucu hakunichapa. Alinitazama, akasema, "Zainabu, wewe uko na roho ngumu," akaendelea kumenya viazi. Hasira hasara, mchezo ule hatukuurudia tena.

Mwezi uliopita mwanangu, anayetengeneza mchezo wa kompyuta wenye historia iliyogeuzwa kama yetu, aliniuliza watu waliochanganyika wa mlimani waitweje. Nikampigia Muthoni, ambaye sasa ana duka Nanyuki.

"Kwani hukuisoma?" akashangaa. "Woi! Cucu alisema kifungua mimba anapata jina ya upande wa baba, na baba za hizo punje walikuwa wa pwani. Akaniambia niandike jina ya nyanya yako wa Majengo, mama ya baba yako, ile ulipewa wewe. Watu wa Zainabu."

Nilikaa na simu mkononi, machozi yakinitoka. Mwanangu aliliandika jina hilo papo hapo, akaendelea na kazi yake. Yeye na wenzake wamechanganyika kuliko punje zetu, na sijamwona hata mmoja akisimama mlangoni kusikiliza kama anasemwa. Namwonea wivu. Maana karatasi ile ilikuwa majivu siku ileile, Cucu yuko kaburini, na Muthoni tangu utotoni ana huruma ya kumdanganya mtu ili asiumie. Naona aibu kulisema, lakini nalisema: bado sijui kama nimwamini.