Faini ya Mkungu Mmoja

Mama Anyesi alipochaguliwa kuwa katibu wa mfereji, kule juu ya Maji ya Chai, mwaka 1995, alileta sharti lililowachekesha wengi. Siku ya kusafisha mfereji, atakayesema Kiswahili atatoa mkungu wa ndizi. Kimeru tupu. Vijana wengine walichimba kimya asubuhi nzima, wakihofia migomba ya mama zao. Yeye hakuchoka. Kila kona aliwasimamisha, akawatajia jina la kona hiyo na ukoo ulioichimba, nao wakarudia mpaka likakaa.

Mwaka uliofuata zikaja habari: mwekezaji wa maua ameomba eneo la chemchemi inayoulisha mfereji. Kwenye ramani mahali pale paliandikwa "pori". Chemchemi ikienda, kahawa na migomba ya kaya mia mbili itakauka. Anyesi alipoambiwa kwamba mpimaji, Bwana Luqman wa mtaa wa Daraja Mbili mjini, anakuja kuhakiki ramani, alimwomba aje siku ya kusafisha.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Elisaria, alimlaki mgeni. "Karibu sana, Bwana Luqman."

"Mkungu mmoja," Anyesi akasema kwa Kimeru, jembe mkononi.

"Hata mbele ya mgeni, mama?" Mwenyekiti akanong'ona, kwa Kiswahili tena.

"Miwili."

Watu wakaangua kicheko. Binti mmoja, Tabea, akasamehewa sharti ili atafsiri.

"Shikamoo, baba. Anauliza unataka kuona nini."

"Mihtasari ya vikao inayothibitisha kwamba eneo linatumika. Yenye muhuri."

Anyesi alipotafsiriwa maneno hayo, akajibu taratibu.

"Anasema muhuri hatuna," Tabea akaeleza. "Tuna zamu za maji. Uliza yeyote."

Luqman hakumuuliza Anyesi. Alimgeukia kijana aliyekuwa nyuma kabisa, Godbless, akaonyesha kona yenye masale, mimea ya kuwekea mpaka. Anyesi alijua huyo ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote wa kukariri majina. Godbless akafuta tope mikononi, akataja jina la kona, ukoo ulioichimba, siku yao ya maji, na mzee anayeamua wakigombana. Kisha akaendelea na kona inayofuata, bila kuulizwa, Tabea akitafsiri.

Walipanda hivyo hadi kwenye chemchemi. Huko Luqman alikaa juu ya jiwe, akafuta kwenye ramani neno "pori", akaandika kuwa eneo ni la kijiji na linatumika, pamoja na majina thelathini na moja ya kona.

Anyesi aliyapitia kwa kidole, polepole. Kisha akamwita Tabea.

"Mwambie bado moja. Ile kona ndogo aliyoichimba mjane."

Luqman akafungua tena kalamu.