Herufi T ya Shangazi Zulma

"Shangazi, hiyo T ni nani?" nilimuuliza nikiwa na miaka tisa, nimeinamia kompyuta yake.

"Toa viwiko mezani kwanza," akanijibu, akaendelea kuandika.

Shangazi Zulma ndiye mwandika programu pekee wa ushirika wetu wa maziwa, hapa Colonia. Mwanzoni aliandika programu ya foleni ya maziwa: kilichotangulia kuingia ghalani kitangulie kutoka. Ilipokuja siagi, akainakili ile programu na kubadilisha majina. Ilipokuja jibini, akanakili tena. Baadaye likaonekana kosa. Akalirekebisha kwenye maziwa na siagi, jibini akaisahau. Jibini mpya ikaenda sokoni, ya zamani ikaota ukungu ghalani.

Meneja, don Wáshington, kama tunavyomwita kwa heshima, hakufoka. Alivuta kiti.

"Zulma, mwezi ujao inaingia asali. Nayo ikituharibikia, kazi nawapa watu wa mji mkuu, Montevideo."

"Hao hata ng'ombe hawamjui, don."

"Ila hawasahau."

Akachukua kibuyu kidogo cha Shangazi, ambacho kwetu hunywewa majani yaliyolowekwa kwa maji moto, akataka kutia sukari. Shangazi akampokonya.

"Hiki nilikianza kwa majani machungu. Kibuyu hushika ladha ya kwanza; kikionja sukari kimekwisha."

"Si vibuyu vyote ni sawa tu?"

"Vikiwa dukani, ndiyo." Kisha akakitazama kibuyu kama hajawahi kukiona.

Wiki ile alifuta foleni zote tatu, akaandika moja. Palipokuwa na jina la bidhaa, akaweka T. Ndipo nilipomuuliza lile swali. Chini yake akaitumia foleni hiyo tena na tena, kila mara akiijaza T jina: hii ya jibini, hii ya asali. Kosa likitokea, atalirekebisha mahali pamoja.

Siku ya majaribio don Wáshington alisema, "Hebu tia asali kwenye foleni ya jibini."

Shangazi akatia. Mstari mwekundu ukatokea, na programu ikagoma hata kuanza.

"Inadeka," don akasema.

"Inakumbuka," akajibu Shangazi, akampa kibuyu. Don akanywa chungu, uso umemkunjamana.

Asali ilitoka kwa zamu yake. Montevideo hawakupigiwa simu.

Mwaka huu namaliza sekondari, na mtaa mzima unaniuliza nitasomea nini. Shangazi hakuuliza. Jumapili aliniletea kibuyu kipya, kikavu, chepesi kama ganda la yai.

"T uliyoniuliza ndiyo hii," akasema. "Bado hakijawa cha kitu chochote. Kianze upendavyo, mwanangu, ila ukikianza kwa sukari, usije ukatia majani machungu humo."