Msafisha Njia za Hewa Tuliyemshuku

Wiki iliyopita nilipata habari kutoka Kisarawe kwamba amefariki, na amekwisha kuzikwa kwao Maneromango. Ninyi wasomaji wangu hamkumjua, na jina lake silitaji. Alikuwa akisafisha njia za hewa katika ofisi moja ya umma pale Kibaha, nami nilikuwa karani hapo miaka ya sabini. Nimesikitika, lakini zaidi ya kusikitika nimeona aibu.

Jengo lile lilikuwa na mashine kubwa iliyosukuma hewa baridi ndani ya mifereji ya bati juu ya dari, ikatufikia vyumbani kupitia matundu yenye wavu. Kila baada ya miezi michache yeye alipanda ngazi na brashi, ndoo, na kitambaa puani, akatambaa humo mpaka akatoka mweupe kwa vumbi. Sisi vumbi hatukuliona. Tulimwona mtu anayelala juu ya vichwa vyetu huku tukizungumza, na enzi zile neno moja tu kuhusu foleni ya unga lilitosha kukukosesha usingizi. Kwa nini hanywi chai nasi? Kwa nini kila akianza kazi anagonga bati na kuita, "Hodi humo!", nasi tukimkaribisha anakaa kimya? Mwenzetu mmoja asiyejua kufunga mdomo alipohamishwa ghafla, nikasema, "Si mnaona? Yule bwana ndiye anayepeleka maneno kwa wakubwa." Hakuna aliyenibishia.

Basi nikachukua sweta langu la ofisini, nikafungua wavu wa tundu la juu ya meza yangu, nikalisokomeza humo asitusikie, nikajiona mjanja kweli kweli. Chumba kile tulikaa wawili: mimi na mpiga chapa, mama wa Magindu mwenye pumu. Hewa ikawa nzito, dari ikaanza kunuka uvundo, na kifua chake kikazidi kumbana. Asubuhi moja akaanguka palepale mezani, tukambeba kumkimbiza hospitali.

Msafishaji akaitwa. Tulikuwa wawili tu chumbani alipofungua wavu na kuvuta lile sweta, limelowa na kuota ukungu mweusi. Alilitambua, maana nililivaa kila siku.

"Nilidhani unatusikiliza," nikanong'ona.

"Subiri kwanza, ndugu yangu." Akachomoa pamba masikioni. "Unasemaje?"

Nikarudia. Akacheka kidogo.

"Niwasikilize nini? Mle mashine inanguruma, ukiingia bila pamba unatoka kiziwi. Na hodi napiga ili mjue nipo."

Tuliposikia hatua za meneja, alilitumbukiza sweta ndani ya ndoo na kulifunika kwa kitambaa. Meneja akamfokea kwamba amezembea kazi mpaka mtu nusura afe. Yeye akanitazama, akasubiri. Nikainamia faili langu.

"Ni kweli, ndugu meneja," akasema, "njia ilikuwa imeziba."

Wiki ileile akaachishwa kazi. Yule mama alipopata nafuu na kurudi, aliniambia, "Afadhali wamemwondoa yule mzembe." Nikaitikia kwa kichwa.

Kwa miaka mingi nimeitumia safu hii kuwakemea wanaochongea wenzao. Leo najikemea mwenyewe. Yule niliyemwogopa kwamba atasema alinisitiri hadi kaburini, na mimi, niliyekuwa na neno la kumwokoa, nimelisema baada ya yeye kuzikwa.