Aliyemlisha Nakwang Saa Sita

Tangu mkewe afariki, Ekidor alizungumza na ng'ombe zaidi ya alivyozungumza na watu. Kazi yake ilikuwa kutunza ng'ombe wa maziwa katika shamba dogo kando ya mto Turkwel, nje kidogo ya Lodwar, na aliipenda kwa sababu ng'ombe hawamwulizi mtu ataoa lini.

Mwaka wa tisini na saba akaja mtaalamu wa mifugo kutoka Nairobi, jina lake Helen. Alitaka kujua ng'ombe wa maziwa hula na kucheua vipi katika joto la Turkana. Alimchagua Nakwang, jike mweupe mwenye maziwa mengi kuliko wote, akamvika hatamu yenye mpira mwembamba uliozunguka pua. Taya likifunguka, mpira unavutika, na kisanduku kilichofungwa shingoni kinaweka kumbukumbu chenyewe. Jioni Helen alikiunganisha na kompyuta, akamwita Ekidor.

"Hapa ilikuwa inakula," alisema, akionyesha mistari iliyorukaruka ovyo. "Na hapa inacheua. Unaona ilivyo sawasawa? Ikikatika kidogo, ndiyo imemeza, inarudisha tonge lingine."

Ekidor aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Maisha yake yote alikuwa amekaa karibu na ng'ombe wanaocheua, na sasa aliiona kazi ile ya taya imechorwa mbele ya macho yake. Alicheka kwa nguvu. Kuanzia siku hiyo hakungoja kuitwa.

Baadaye kidogo Helen akakunja uso. "Ekidor, hii ng'ombe unaipatia nini saa sita?"

"Hakuna kitu, Daktari. Saa hiyo hori ni tupu. Zote zimelala kivulini, na mimi nimeenda kula."

"Lakini mashine inasema inakula. Karibu kila siku. Na maziwa imeongezeka."

Walidhani hatamu imeharibika. Helen aliifungua, akaipima, akaifunga upya. Kesho yake ikasema yaleyale.

Basi Ekidor aliacha chakula chake, akajibanza nyuma ya ghala la nyasi. Jua lilipofika utosini, mwanamke mmoja alikuja kando ya ua akiwa na kapu la mkoma kichwani. Nakwang aliinuka kabla hajaitwa. Mwanamke akapitisha mkono kati ya miti ya ua, akamlisha matunda makavu ya mgunga, konzi kwa konzi. Matunda yalipokwisha hakuondoka. Alikaa chini, na Nakwang alipolala na kuanza kucheua, alifumba macho akasikiliza.

Ekidor alisahau kwamba alikuwa amekuja kukamata mtu.

"Ejok, mama," alimsalimu hatimaye.

Mwanamke alishtuka, akasimama. "Ejok. Mimi sijaiba kitu."

"Najua. Mwizi anatoa, wewe unaweka."

Aliitwa Akiru. Alitoka Lokori, mjane kama Ekidor alivyokuwa mgane, na wavamizi walikuwa wamechukua mifugo yake yote. Sasa alisuka vikapu na kuviuza sokoni.

"Mjini hakuna mahali unasikia ng'ombe ikicheua," alisema. "Nilipita hapa nikasikia. Siku ya pili nikaona aibu kuja mikono mitupu."

"Hiyo kitu iko kwa pua ndiyo imekuchongea. Inaandika kila ikitafuna."

Akiru aliitazama hatamu. "Mimi nilifikiri ni urembo," alisema, na wote wawili wakacheka.

Akiru alimfuata Ekidor hadi ofisini kwa Helen akitarajia kukaripiwa. Badala yake Helen alimpa kiti, akamwuliza kama anaweza kuleta matunda yale kwa ng'ombe wote na alipwe. Kisha akamwonyesha mistari. Akiru aliielewa haraka. Aliitafuta siku aliyolazwa na homa, akakuta saa sita hakuna mruko hata mmoja.

"Hapo ilikuwa inakungoja," alisema Ekidor.

"Mashine haiwezi kujua hiyo," alisema Helen.

"Mimi najua. Mimi pia ningengoja."

Akiru alitazama sakafu akitabasamu. Helen akakumbuka ghafla kwamba ana kazi nje.

Utafiti ulipokwisha, Helen alirudi Nairobi na vyombo vyake. Mwisho wa mwaka ule mvua zilinyesha kama zimefunguliwa, nyasi zikaota hata penye mawe. Ekidor aliwatuma wazee wake Lopur, karibu na Kakuma, kwa kaka yake Akiru. Kaka huyo alipoambiwa kwamba dada yake alichongewa na mdomo wa ng'ombe, aliomba asimuliwe tena tangu mwanzo, na mahari yakazungumzwa kwa kicheko.

Wakahamia Lopur. Ng'ombe wao wa kwanza alipozaa, Akiru alipeleka maziwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa Aluong, mama wa Kidinka kutoka Sudan aliyeuza chai. Aluong alionja, akauliza ng'ombe ni wa rangi gani.

"Mwekundu, tumbo jeupe."

Aluong aliweka kikombe chini, akaanza kuimba polepole kwa lugha yake, kama ng'ombe wanavyoimbiwa kwao. Akiru hakuelewa neno hata moja. Alikaa kwenye benchi, chupa tupu mapajani, hadi wimbo ukaisha, kisha akamwomba aimbe tena.