Kabla Hujaing'oa Mashine ya Zamani

Mwanangu, tangu uliponiuliza juzi kama ubadilishe kompyuta ya duka lako la kuchapa barua na vyeti au uiache na mfumo wake wa zamani, nimekuwa nikikumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa. Kompyuta siijui sana. Lakini kubadilisha mashine kabla ya wakati wake nakujua, maana nusura nimponze mtu.

Nilikuwa binti mbichi, nimetoka kozi ya redio za mawasiliano Dar es Salaam, nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha mwambaoni, kaskazini mwa Kigoma. Barabara haikuwepo. Mgonjwa akizidiwa, tuliita boti ya hospitali kwa redio. Redio yenyewe ilikuwa sanduku zito la rangi ya majivu, linakoroma kama mtu mwenye mafua, na ilibidi ulipige kofi ubavuni ndipo lisikie. Mkunga wetu, Mama Asumpta, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, alilitumia miaka mingi na alijua pa kupiga.

Basi ikaletwa mpya, ndogo, nyepesi, inang'aa. Nilifurahi kupita kiasi, sikufichi. Nilitaka kijiji kizima kione kwamba nimesoma. Siku hiyohiyo nikaifungua ile ya zamani, nikaitawanya mezani vipande vipande.

Mama Asumpta akasimama mlangoni. "Binti, hiyo mpya imeshaongea na mjini?"

"Itaongea, Mama. Ni ya kisasa."

"Sikuuliza kama itaongea. Nimeuliza imeshaongea?"

Nikacheka tu. Nilimwona mzee anayeogopa vitu vipya. Ujana una kiburi chake, nawe utanisamehe.

Kesho yake asubuhi akaletwa Zuhura, mke wa mvuvi, uchungu umemshika tangu usiku. Mama Asumpta akampima, akatoka uso umebadilika. "Mtoto amelala kingamo, ubavu ndio umetangulia. Hapa hazaliwi. Ita boti."

Nikaita. Kimya. Nikaita tena, nikabadilisha waya, nikaita. Kimya. Ndipo nikaikumbuka karatasi iliyokuja na ile redio, ambayo sikuisoma. Iliandikwa wazi kabisa: redio hii inatumia masafa mapya, na hospitali itafungiwa yake baadaye. Mwanangu, ile redio ilikuwa nzima, haina kasoro hata moja. Haikuwa na wa kuongea naye, basi.

"Maye!" alilia mama yake Zuhura. Kwa mtumbwi, mjini kulikuwa safari ya siku nzima.

Nikakaa chini nikaanza kuiunga ya zamani. Kwa haraka skrubu mbili zikanipotea, nikafunga kwa mshipi wa kuvulia. Mama Asumpta hakunigombeza. Kila alipotoka chumbani kwa Zuhura aliniuliza neno moja tu, "Bado?" Neno hilo liliniuma kuliko kiboko.

Karibu na adhuhuri sanduku likakoroma. Akaja mwenyewe, akalipiga kofi, na sauti ya mjini ikajibu. Boti ikafika kabla ya alasiri, na jioni Zuhura akapasuliwa, akapata binti. Binti huyo leo anauza mawese pale Katonga, mjini Kigoma, na kila akiniona huniamkia shikamoo kwa kupiga goti, hajui kwa nini mimi hushikwa na aibu.

Siku ya pili Mama Asumpta akaniambia, "Sikukatazi kipya. Hata mimi nimechoka kulipiga makofi sanduku hili. Lakini cha zamani hakiondoki kwa sababu kipya kimefika. Kinaondoka kipya kikishafanya kazi."

Miezi ikapita, mjini wakafungiwa yao. Tukaziweka zote mbili mezani, tukaitumia mpya wiki mbili nzima. Sasa mwoga nikawa mimi, nang'ang'ania sanduku langu. Mama Asumpta akanikemea: "Vipuri vyake havipatikani tena, na fundi wake amestaafu. Unangoja likufie mgonjwa akiwa mlangoni?" Nikaliondoa siku hiyo.

Kwa hiyo, mwanangu, usiulize kama mfumo mpya ni mzuri. Jiulize kazi yako inakwama wapi sasa. Kama haikwami, na waliotengeneza mfumo wako bado wanautunza, tulia, wala usione haya mbele ya wenye vya kung'aa. Ukiona wameacha kuutunza, usijidanganye kwamba utadumu kwa sababu umeuzoea. Na ukiamua, kwanza toa nakala za barua na vyeti vya watu uziweke pembeni, uone kama printa yako na kompyuta mpya zinaelewana, na ya zamani ikae nzima mezani mpaka mpya imalize kazi yako ya wiki kadhaa. Zile karatasi zinazokuja na kitu, tafadhali, zisome.

Mungu akujalie moyo usio na pupa wala woga. Akupe riziki ya halali hapo Ujiji, na anayekuja kwako na shida yake aondoke imekwisha. Amina.